Ushuru wa Baruti na Fedha Zisizorudi Likoni

Bunduki zilizoua watu Likoni mwaka 1997 hazikununuliwa dukani. Usiku wa Agosti 13, vijana waliokula kiapo na kufundishwa vita katika msitu wa Kaya Bombo, Kwale, walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha kivukoni. Walikuja na mapanga, pinde na mishale, na bunduki za kuhesabu. Waliondoka na bunduki zaidi ya 40 za serikali pamoja na risasi zake. Nyuma waliacha polisi sita wameuawa, mahabusu wamefunguliwa na majengo yanawaka moto. Kwa wiki kadhaa silaha hizo zikazunguka Likoni na vijiji vya Kwale kuwatafuta watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama makwao, miezi minne tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba 29. Hata Kanisa Katoliki la Likoni, lililokuwa limewahifadhi maelfu ya waliokimbia, lilishambuliwa.

Aliyezilipia bunduki zile ni mlipa kodi wa Kenya. Tuliweke hilo akilini, kwa sababu ndilo litakalotusaidia kuielewa habari inayotoka Marekani siku hizi.

Huko, baadhi ya majimbo yameanza kutoza kodi maalumu kwa bunduki na risasi zinazouzwa madukani, na kuzitenga fedha hizo kwa kazi ya kuzuia mauaji na kuwahudumia walioumizwa. California ilianza Julai 1, 2024 kwa asilimia 11. Colorado iliwapelekea wananchi kura Novemba mwaka huohuo, wakakubali asilimia 6.5. Msomaji wa Shika Adabu, wadi ya Likoni inayopakana na Kwale, anaweza kudhani hayo ni mambo ya watu wengine wenye maduka ya bunduki kila kona. Lakini pwani hii imetoza ushuru bunduki na baruti kwa karibu miaka 200, na kuna wakati ushuru uliruhusiwa mbele ya mataifa makubwa kwa hoja kwamba ungegharamia kukomesha ukatili. Kinachonishughulisha ni fedha zile zilikokwenda.

Septemba 21, 1833, mjini Muscat, Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Unguja. Kifungu cha tatu kilisema meli za Marekani zisitozwe zaidi ya asilimia 5 ya shehena zinazoshusha. Kifungu hicho hutajwa sana. Kile cha pili hupitwa haraka, nami naona kinastahili kusomwa polepole. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa yoyote, isipokuwa bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja, ambako mnunuzi angekuwa serikali ya Sultani peke yake. Katika bandari zake nyingine zote, vitu hivyohivyo vingeuzwa bila kizuizi kwa yeyote mwenye bei ya juu kuliko wenzake.

Mtawala, basi, alijua vizuri baruti ni kitu gani. Aliikinga Unguja na kuwaachia wa Mrima na wa bara wajionee. Mombasa wakati ule ilikuwa bado mikononi mwa ukoo wa Mazrui. Ilipoingia chini ya Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, mwaka 1837, nayo ikawa mojawapo ya hizo bandari nyingine.

Ushuru wenyewe haukukusanywa na makarani wa Sultani. Forodha ilikodishwa, na kwa muda mrefu wa karne ile mkodishaji alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, kisha ikatoza yenyewe. Meli kutoka Salem, Massachusetts, zilileta merikani, bunduki na baruti. Zikaondoka na pembe za ndovu, gundi ya sandarusi na ngozi. Bunduki za kwanza zilikuwa za mrao na za gumegume, baadaye zikaja za fataki. Misafara ilizipeleka Tabora, Ujiji na hadi Manyema, na huko gobore lilifanya kazi mbili, kuua ndovu na kuteka watu wa kuzibeba pembe zake. Pipa la baruti lililipiwa forodhani kama robota la kitambaa. Mapato yakagawanywa kati ya mkodishaji na Sultani, na hapo hesabu ikafungwa. Kijiji kilichochomwa kule Manyema hakikuwa na safu yake katika daftari lile.

Kufikia mwaka 1888, balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha kwa zile za kisasa zinazojazwa nyuma, na zile kuukuu zikatafutiwa soko huku. Wazungu wenyewe walianza kuogopa bidhaa waliyoileta pale tu Abushiri bin Salim alipowaongoza watu wa Pangani na Mrima dhidi ya Wajerumani. Kuanzia Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zikaufunga mwambao kuzuia silaha. Miaka 50 ya watu wa bara kupigwa risasi haikuwa imeleta hata mashua moja ya kuzuia.

Ndipo tunafika Brussels. Julai 2, 1890, mataifa 17, Unguja ikiwemo, yalimaliza mkutano wa kupinga biashara ya utumwa kwa mkataba mrefu. Vifungu vyake vya silaha vilipiga marufuku bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa chini ya uangalizi, zikiwekwa kwanza katika ghala la serikali na kutolewa kwa kibali. Siku hiyohiyo likatiwa saini tamko jingine lisilojulikana sana. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umekataza ushuru wa bidhaa zinazoingia katika eneo la biashara la Kongo, eneo lililopanuliwa hadi kwenye mwambao wetu. Tamko la Brussels likaondoa katazo hilo na kuruhusu ushuru usiozidi asilimia 10. Sababu iliandikwa wazi, kwamba kupambana na utumwa kuna gharama, na gharama hiyo lazima ipate mahali pa kutoka.

Kwa hesabu ya leo hili ndilo wazo lilelile la California, kutoza biashara ili kugharamia kuzuia ukatili. Na aliyeudai ushuru huo kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo.

Yaliyotokea Kongo baadaye yameandikwa vya kutosha. Jeshi lake, Force Publique, lilikua kwa fedha za dola lililosema limekuja kuwakomboa watu na watekaji. Mpira ulipopanda bei, jeshi hilo likawa chombo cha kuwalazimisha wanavijiji kuugema. Askari walitakiwa watoe hesabu ya risasi walizopewa, wasije wakazimaliza kwa kuwinda nyama, na ushahidi uliokubaliwa ni mkono wa kulia wa aliyeuawa. Aliyekosa maiti alikata mkono wa aliye hai. Kila ninapofikiria kodi ya risasi, hukumbuka daftari hilo pia. Risasi zilihesabiwa moja moja kwa uangalifu kuliko watu. Ushuru ulioombewa ruhusa kwa jina la wanaoteswa uliishia katika mfuko wa mtesaji, kwa kuwa hakuna aliyepewa mamlaka ya kuuliza kila faranga ilikokwenda.

Upande wetu sheria mpya ya silaha iliwanyang'anya wengine bunduki na kuwaachia wenye dola. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, katika Kwale ya leo, alipowapinga Waingereza mwaka 1895, ilibidi askari waletwe kutoka India kumshinda. Aprili 1896 alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Tangu hapo bunduki halali pwani ikawa mali ya serikali na ya walowezi. Sheria ya Silaha tuliyo nayo hadi leo, Sura ya 114, ilianza kutumika mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Imerekebishwa mara nyingi. Mwaka 2014 ikaundiwa Bodi ya Leseni za Silaha, na Desemba 2018 wenye leseni wote wakaamriwa wakaguliwe upya. Katika marekebisho hayo yote bunduki imetazamwa kwa jicho moja tu: nani aruhusiwe kuwa nayo. Atakayemtibu aliyepigwa nayo hatajwi.

Hapa ndipo mfano wa Marekani unapokuwa na faida, ukisomwa pamoja na makosa yake. Wamarekani walianza mapema. Tangu mwaka 1937, kwa sheria ya Pittman na Robertson, kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo leo ni asilimia 11, imekuwa ikitunza wanyamapori. Wawindaji waliiunga mkono kwa sababu waliiona kazi yake katika mapori wanayowinda. Yaani kwa karibu miaka 90 risasi imemlipia kulungu, na wazo la kumlipia binadamu limekuja juzi tu. Kaunti ya Cook, yenye jiji la Chicago, ilianza kutoza dola 25 kwa kila bunduki mwaka 2013, kisha ikaongeza senti chache kwa kila risasi. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Illinois ikaibatilisha kodi hiyo. Majaji hawakusema kwamba bunduki haiwezi kutozwa. Walisema kaunti ilijitetea kwa majeraha ya risasi, ilhali fedha hazikufungwa kwa majeraha hayo. Kodi ya bunduki zenyewe ilikuwa ikiingia katika kapu la matumizi yote. Wiki chache baadaye kaunti ikaiandika upya sheria yake na kuzielekeza fedha kwa kazi ya kuzuia mauaji. Natamani hukumu ile ingekuwa na mwenzake hapa kwetu.

Seattle inatufundisha jambo la pili. Mwaka 2015 jiji hilo lilipitisha dola 25 kwa bunduki na senti mbili hadi tano kwa risasi, likitarajia kati ya dola 300,000 na 500,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza lilipata zipatazo 100,000. Soko lilikuwa dogo, na mwenye duka angeweza kuhamia mji wa jirani.

Soko la Kenya ni dogo zaidi. Utafiti wa Small Arms Survey wa mwaka 2017 ulikadiria raia wa Kenya wana bunduki 750,000, na zilizoandikishwa ni elfu chache tu. Nyingine zilitoka Somalia baada ya dola kuanguka mwaka 1991, au kwenye maghala ya Uganda yaliyoporwa Idi Amin alipokimbia mwaka 1979, au kwa polisi wetu wenyewe kama Likoni. Novemba 2016 serikali ilichoma moto bunduki haramu 5,250 huko Ngong, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa imepita kwa karani wa kodi ikiwa haramu. Ukiwatoza wenye leseni na wanaojifunza shabaha kwenye klabu zao, utapata fedha za semina mbili.

Mnunuzi mkubwa wa risasi Kenya ni serikali, na mtengenezaji pia ni serikali. Kiwanda cha risasi cha Eldoret kilisajiliwa kuwa shirika la umma mwaka 1997, mwaka uleule wa Kaya Bombo. Aprili 2021 kikafuata kiwanda cha bunduki cha Ruiru, chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Maoni yangu ni kwamba kodi yenye maana ianzie hapo. Kila risasi inayotoka Eldoret, na kila shehena ya silaha inayonunuliwa nje, itengewe asilimia fulani ya bei yake iende katika mfuko wa walioumizwa na wa kuzuia wengine wasiumizwe. Atakayesema serikali haiwezi kujitoza yenyewe akumbuke kwamba hilo ni suala la kutenga fedha katika bajeti, na serikali hutenga kila mwaka kwa mambo inayoyajali.

Kufunga fedha kwa kazi moja si jambo geni kwetu. Kila lita ya petroli ina ushuru wa barabara, kwa sheria ya mwaka 1993. Mwaka 2013 tukawekewa ushuru wa reli wa asilimia 1.5 juu ya bidhaa zinazoingia nchini, na Mei 31, 2017 treni ya Madaraka Express ikaondoka Mombasa. Watu wana mengi ya kusema kuhusu reli ile na madeni yake, lakini ushuru uliwekwa kwa ajili ya reli na reli ikaonekana. Waathiriwa wa 1997 wameona nini? Tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliundwa Julai 1998 kuchunguza machafuko ya kikabila, ikamaliza mwaka 1999, na ripoti yake ikafungiwa hadi 2002. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikapendekeza fidia mwaka 2013. Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Bungeni mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Mwongo mzima ukapita bila waliotimuliwa Likoni kuonja hata shilingi ya mfuko huo. Ulitangazwa bila kupewa chanzo chake cha fedha kama petroli ilivyopewa barabara, ukawa unasubiri hisani ya kila bajeti.

Fedha zinapotakiwa hupatikana. Shamba la Waitiki, ekari 930 za Likoni zilizovamiwa na maskwota katika machafuko yaleyale, lilinunuliwa na serikali, na Januari 2016 hatimiliki zikaanza kugawiwa. Wakazi walitakiwa walipe shilingi 182,000 kila mmoja. Nafurahi kwamba suala la ardhi liliguswa, maana ndilo lililotumiwa na wanasiasa kuwachochea vijana. Lakini mwenye shamba alifidiwa, na mwenye kovu la risasi hakufidiwa.

Kuna wanaouliza kwa haki kama kodi ya bunduki ina maana Likoni na Kisauni, ambako magenge ya vijana hukata watu kwa mapanga. Ina maana, kwa sababu anayeshika panga akiwa na miaka 16 na anayeajiriwa kushika bunduki akiwa na 22 mara nyingi hutoka katika barabara moja, na kazi ya kumrudisha ni ileile. Kazi hiyo ni ya wazee wa mtaa wanaomjua mamake, makocha wa timu za mitaani, washauri nasaha, na wauguzi wa majeruhi wanaoweza kukaa na kijana usiku ule kabla rafikize hawajaenda kulipiza. Kwa mkazi wa Shika Adabu, jeraha kubwa linamaanisha kuvuka feri au kuzunguka kwa Dongo Kundu ndipo afike Hospitali Kuu ya Pwani. Gari la wagonjwa na damu ya kuongezewa ni sehemu ya kuzuia mauaji kama ilivyo semina yoyote.

Sehemu kubwa ya kazi ya kuwaondoa vijana katika ukatili pwani imeendeshwa na mashirika yanayotegemea wafadhili wa nje. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na kufikia Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Wakati huohuo California ilikuwa inakusanya kodi ya risasi kwa ajili ya vijana wake. Siwalaumu wa California kwa kuwatunza wao. Nasema sisi tumeacha usalama wa watoto wetu utegemee mkoba wa mtu mwingine.

Najua neno kodi linavyopokewa nchini tangu Juni 2024. Vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, na Juni 25 wakapigwa risasi nje ya Bunge. Siku iliyofuata Rais William Ruto akauondoa mswada. Waliokufa siku ile waliuawa kwa risasi zilizonunuliwa kwa kodi, wakiandamana juu ya kodi. Sioni ushahidi mkubwa kuliko huo wa kwa nini risasi ya serikali iandikiwe gharama yake yote tangu inaponunuliwa, pamoja na gharama ya anayeweza kupigwa nayo kimakosa au kwa makusudi.

Mswada wa Fedha hutakiwa kufika Bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na Kamati ya Fedha huita maoni ya wananchi Mei. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 tayari ilianzisha mfuko wao wa amana, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni mwingine. Kinachohitajika ni kifungu kinachosema asilimia ngapi ya bei ya kila risasi inayoingia au kutengenezwa nchini itaingia humo, na kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atatoa ripoti yake peke yake, mbali na matumizi mengine ya usalama. Wa kuanza nao wanajulikana. Tume ya Ukweli ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kila pembe ya nchi, na machafuko ya Likoni yameandikwa ndani ya ripoti yake.